Miti ya Oysterbay Haikujiotea Yenyewe

Makamanda, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Naandika kuhusu usingizi.

Mama yangu mkubwa ni nesi mstaafu. Amefanya kazi miaka 34, na mingi kati ya hiyo alikuwa anaingia zamu za usiku. Nesi wa usiku analala mchana. Sasa jaribu wewe kulala mchana Manzese: upande huu fundi anachomelea mageti, upande ule mashine ya kusaga, na mbele kuna baa inayofungua muziki saa sita mchana eti inajaribu spika. Mama huyu kwa miaka yote hiyo amelala kwa vipande, leo saa moja, kesho dakika arobaini, halafu jioni anarudi wodini kushika maisha ya watu mkononi.

Alipostaafu mwaka 2023 hakutaka gari wala safari. Alisema: "Nataka nyumba sehemu iliyotulia, yenye miti. Nilale."

Siku moja akanitumia tangazo la dalali kwenye WhatsApp. "NYUMBA INAUZWA MIKOCHENI. Mtaa umetulia, miti kibao, hakuna kelele, majirani wastaarabu. Vyumba vitatu, hati safi. Bei maelewano." Chini yake akaandika: "Mwanangu, wewe ndiye mwanasheria wetu. Twende ukanisomee hayo makaratasi." Mimi ni mwanafunzi tu, lakini kwenye familia zetu ukishaingia mwaka wa kwanza wa sheria tayari umekuwa jaji.

Tukaenda. Dalali akapokea kwanza elfu ishirini yake ya kuonyesha nyumba, akaamkia "shikamoo mama", tukaacha barabara kubwa tukaingia mtaani. Kona ya kwanza bado unasikia honi za daladala. Kona ya pili zimekwisha. Kuna mikungu, kuna miembe iliyokutana juu ya barabara, kuna ua wa michongoma uliokatwa vizuri na mlinzi kwenye stuli anasikiliza redio kwa sauti ya chini. Mama mkubwa akasimama chini ya mwembe, akafumba macho.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, mama."

"Ndiyo hicho hicho."

Bei ilikuwa milioni 650. Yeye ana milioni 48. Dalali hakumcheka, namshukuru kwa hilo. Alisema kwa upole tu: "Mama, kwa hela hiyo nakutafutia kiwanja kizuri Chanika. Si unajua tena, mbuzi anakula kwa urefu wa kamba yake."

Toka siku ile methali hiyo inanikera. Kwa sababu hakuna anayeuliza swali la pili: hiyo kamba, nani aliipima na nani aliikata?

Kamba ya kwanza ilikatwa na mkoloni. Waingereza waliugawa mji wa Dar es Salaam kanda tatu, na wazee wetu wakazipa majina ambayo bado yanaeleweka: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Wanafunzi wenzangu wa sheria, angalieni ujanja wake. Haikuhitaji kuandikwa kwamba Mwafrika haruhusiwi kuishi Oysterbay. Iliandikwa nyumba ya kanda ile iwe ya kiwango gani, kiwanja kiwe kikubwa kiasi gani, jengo likae umbali gani na mwenzake. Kanuni za ujenzi zikafanya kazi ya ubaguzi bila kutaja rangi ya mtu. Oysterbay ilipoanza kujengwa miaka ya 1930, ilipewa upepo wa bahari, viwanja vipana na barabara zenye nafasi ya miti pembeni. Kariakoo ikapewa vumbi. Na katikati, Mnazi Mmoja ikaachwa wazi, upande huu usikutane na upande ule.

Kwa hiyo mtu akikuambia Oysterbay ni tulivu kwa sababu watu wa kule "wamestaarabika", mwambie asome. Utulivu ule ulichorwa kwenye karatasi, ukapewa nguvu ya sheria, na ukalindwa na dola. Watu wa Manzese hawakuzaliwa na kelele. Kule kwetu serikali haikuchora chochote, ikangoja watu wajibanze wenyewe, halafu ikatuita "makazi holela" kana kwamba uholela ni tabia yetu.

Uhuru ukaja. Nyumba za Uzunguni zikawa nyumba za serikali, wakaingia wakubwa wetu. Jina likabaki lile lile, rangi ya wakazi ikabadilika. Lakini tuwe wakweli: kipindi kile angalau kulikuwa na mipaka. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mkubwa aliishi chini ya mwembe wa umma, akiondoka kazini anaacha funguo na mwembe unabaki wetu.

Mwaka 1991, kikao cha chama tawala kule Zanzibar kikalegeza masharti yale ya uongozi. Na mwaka 2002 serikali ya awamu ya tatu ikaanza kuuza nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakizikalia. Maelfu ya nyumba nchi nzima, na humo zikiwemo za Oysterbay na Masaki, kwenye ardhi ghali kuliko zote nchini. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri masikioni: mtumishi naye apate pa kuishi. Bungeni hoja imeibuka tena na tena, kelele zikapigwa, kisha kimya. Baadaye serikali hiyo hiyo ikarudi kujenga nyumba nyingine za watumishi, kwa hela zetu hizi hizi.

Hiyo ndiyo mara ya pili kamba ilipokatwa. Na hapa naomba mnielewe. Siwasemi watumishi wote walionunua. Wengine walikuwa watu wa kawaida waliopewa nafasi na wakaitumia, na mimi ningeitumia. Nausema uamuzi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Darasani tunafundishwa mdhamini ni nani: ni mtu anayeshika mali kwa faida ya mwingine. Hauzi nyumba ya yatima kwa mjomba anayekaa humo, halafu akamwambia yatima akapambane na maisha. Mama yangu mkubwa alikuwa mtumishi wa umma pia. Miaka ile nyumba zinauzwa, yeye alikuwa wodini, usiku. Hakuna aliyemletea fomu Manzese, kwa sababu nyumba waliuziwa waliokuwa ndani yake. Waliokuwa nje walibaki nje.

Na zile nyumba? Pitia leo. Nyingi za zamani zimevunjwa, pameota maghorofa ya kupangisha wageni, kodi zikitajwa kwa dola mpaka kanuni za 2025 zilipopiga marufuku bei za fedha za kigeni. Hata miti yenyewe inakatwa. Yaani tumeuza kivuli, na aliyenunua anakata mti.

Sasa najua wapo watakaonijibu. Kila nikisema haya kuna kijana mwenzetu, mara nyingi amejaa video za wahamasishaji, ananiambia: "Dada, acha kulalamika. Piga kazi. Utanunua Masaki."

Sawa kamanda, tupige hesabu. Tuache Masaki, tuache Mikocheni. Chukua nyumba ya kawaida kabisa ya milioni 100. Benki wakukopeshe yote, riba tuseme asilimia 15 kwa mwaka, muda miaka 20. Kila mwezi utalipa kama milioni 1 na laki 3 na kidogo. Mpaka unamaliza umelipa karibu milioni 316. Umenunua nyumba moja, umelipia tatu. Na kama hutaki rejesho lile theluthi ya mshahara wako, inabidi mkononi ubakiwe na karibu milioni 4 kila mwezi. Nani hapa anapokea hivyo? Mwalimu? Askari? Wewe mwenyewe unayenijibu ukiwa kwenye bodaboda unangoja abiria?

Sheria ya mikopo ya nyumba ilitungwa 2008, kampuni ya kuyapa mabenki fedha za mikopo hiyo ikaanzishwa 2010. Sisemi hawajafanya kitu. Nasema mlango wameuweka ghorofa ya saba na ngazi hawajajenga.

Na mama mkubwa je, ambaye amepiga kazi kweli kweli miaka 34? Huyo kamba yake imekatwa mara ya tatu, na inaitwa kikokotoo. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, mkupuo wa kiinua mgongo ukawa asilimia 33. Watumishi wa kundi lake zamani walichukua nusu, tena kwa hesabu iliyokuwa nono zaidi. Nimekaa naye mezani tumekokotoa kwa mshahara wake na miezi yake: kwa kanuni ya zamani angepata karibu milioni 98. Amepata 48. Hata nyongeza ya kufikia asilimia 40 iliyotangazwa kwenye bajeti ya 2024/25 haimrudishi pale. Najua hoja ya serikali, kwamba pensheni ya kila mwezi ndiyo imeongezwa. Ni kweli. Lakini nyumba hainunuliwi kwa pensheni ya mwezi, na hakuna benki inayomkopesha bibi wa miaka 60 kwa miaka 20.

Akiba zenyewe za wafanyakazi zimekwenda wapi? Nenda Kigamboni ukaone mradi wa Dege. Zilikusudiwa maelfu ya nyumba, fedha za hifadhi ya jamii zikaingia, ujenzi ukasimama, maghorofa yakakaa miaka bila milango wala madirisha. Ukiyatazama toka barabarani unaona mapopo ndiyo wamepata makazi bora. Huku nesi anaambiwa mfuko ukimpa mkupuo mkubwa utayumba.

Haki itendeke, wapo waliofaidi. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni na Kibada, na ukipita Mbweni leo unaona tofauti: barabara zimenyooka, kuna nafasi ya kupumua. Magomeni Kota nayo: kaya 644 ziliondolewa, zikasota karibu miaka kumi, lakini 2022 zikarudi kwenye nyumba mpya. Mimi nayataja haya kwa makusudi, makamanda, kwa sababu yanathibitisha hoja yangu. Serikali ikiamua kupima kabla watu hawajajenga, mtaa unapendeza. Ikiamua mtu wa kipato cha chini arudi pale pale alipotolewa, anarudi. Kwa hiyo uwezo upo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kufanya hivyo kwa wengi badala ya kwa bahati.

Badala yake tumeletewa urasimishaji. Nausema kama msoma sheria: karatasi ni muhimu. Leseni ya makazi inamsaidia mama ntilie kukopa, hati inazuia migogoro. Lakini urasimishaji unachora mistari kuzunguka kilichokwisha kujengwa. Kichochoro cha bajaji kupita kwa shida kinaandikwa barabara. Uwanja wa watoto haupo, basi kwenye ramani nao haupo. Wananchi wamechangishwa hela za upimaji, na mitaa mingi mpaka leo inasubiri. Na hata hati ikija, wamekupa karatasi ya mtaa ule ule. Huwezi kulala juu ya hati.

Kuna sheria nyingine ambazo zingeweza kukulaza. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 ipo, inasema mji upangwe na maeneo yawe na matumizi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka viwango vya kelele, na NEMC wapo. Tena baa zimewahi kufungiwa, magazeti yakaandika, baada ya muda muziki ukarudi. Jaribuni wenyewe. Piga simu kulalamikia muziki ukiwa Oysterbay, halafu piga ukiwa Manzese. Sheria ni moja, usingizi siyo mmoja.

Ndiyo maana nasema hili ni suala la kisiasa. Wametuzoesha kuona mtaa tulivu wenye miti kama gari la kifahari: ukiwa na hela unanunua, ukikosa unatazama kupitia dirisha la daladala. Hapana. Maji tunadai. Barabara tunadai. Utulivu na kivuli navyo vilitengenezwa kwa sheria na kodi, basi navyo tunadai. Katiba yenyewe, ibara ya 9, inaitaka serikali itumie utajiri wa taifa kwa maendeleo ya wananchi na kuondoa umaskini, ujinga na maradhi. Mtu asiyelala ni mgonjwa, muulizeni nesi yeyote.

Tunadai nini hasa? Nayaandika ili siku ya mdahalo mtu asiseme vijana wa upinzani wanajua kulalamika tu.

Kwanza, orodha ya nyumba za umma zilizouzwa toka 2002 iwekwe wazi: nyumba ipi, wapi, nani, bei gani. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, tuitumie kabla haijaota kutu.

Pili, maeneo ya wazi ya kila mtaa yatangazwe kwa mipaka yake. Yaliyogeuzwa kuwa maduka na kumbi za harusi yarudi, hata kama mwenye ukumbi anakula meza moja na mkubwa.

Tatu, kiwanja kipimwe kabla mji haujafika. Chanika, Chamazi, Kibaha, Kisarawe, watu wanajenga leo. Kila mwaka unaopita bila ramani ni Manzese nyingine inazaliwa.

Nne, kelele idhibitiwe mitaa yote kwa saa zile zile na faini zile zile.

Tano, kikokotoo kirudi mezani, na wafanyakazi wenyewe wawe na kauli juu ya wapi akiba zao zinajengwa. Mara hii zijengwe nyumba zenye milango.

Wapo wanaosema tunawaonea wivu matajiri. Mimi simtakii mtu yeyote akatiwe mwembe wake. Yule mzee aliyekaa Mikocheni akapanda miti miaka arobaini iliyopita, Mungu amzidishie. Na Jumapili nikienda Coco kula mihogo na pilipili, na familia zimetoka Tandale, Buguruni na Mbagala zimejaa ufukweni, naona kitu kimoja wazi: watu wetu hawaogopi upepo wala hawachukii miti. Wanalipa nauli mbili kwenda kuvipata kwa saa tatu, halafu wanarudi kwenye kelele. Pale ndiyo kipande cha Oysterbay ambacho hatujauziwa bado, na hata hicho kimewahi kugombewa.

Mwisho wa hadithi ya mama mkubwa? Alikwenda Chanika. Amenunua kiwanja cha mita 20 kwa 20, makubaliano yameandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wakaweka saini, asilimia ya mtaa ikatolewa bila mtu kuniambia iko kwenye sheria gani. Jaji wa familia nilikuwepo, nikanyamaza, kwa sababu bila muhuri ule hakuna biashara.

Kiwanja ni kizuri. Kuna minazi miwili na upepo. Kabla hajachimba msingi amepanda mwarobaini na mwembe, miche midogo ya kiganja, ameizungushia matete mbuzi wasile. Siku hiyo jioni palikuwa kimya kabisa. Akanigeukia akaniuliza swali ambalo nilipaswa kuwa na jibu lake kuliko mtu yeyote pale:

"Mwanangu, hapo pembeni, sheria inasema patakuja kuwa na nini?"

Nilitamani nimwambie shule, au uwanja wa watoto. Lakini nilishauliza ofisini asubuhi. Ramani hakuna. Inaweza kuwa nyumba, inaweza kuwa kanisa la spika kumi, inaweza kuwa baa. Ana miaka 61, ametumia sehemu kubwa ya alichopewa kwa miaka 34, na hajui amenunua usingizi au amenunua Manzese ya kesho.

Kwa hiyo makamanda, kazi ya wiki hii ni ndogo na haina bango. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa wako, salimia vizuri, omba kuona ramani ya mipangomiji ya mtaa. Ikiwepo, tafuta maeneo ya wazi, kisha nenda kwa miguu ukaone kama bado yako wazi. Isipokuwepo, uliza kwa maandishi ni lini itakuwepo, ubaki na nakala. Tuletee majibu tuyachapishe, mtaa kwa mtaa.

Mimi Jumatatu narudi Chanika na barua yangu mkononi.